Mwaka Tuliotafuta Maneno ya Owiti

Tulimzika Mwalimu Odera Jumamosi iliyopita, kwao Nyakach, na baada ya maziko nikalala kwa rafiki yangu Ouko, karibu na Katito, kwa sababu magoti yangu hayakubali tena safari ya kwenda na kurudi siku moja. Odera ndiye aliyenifundisha kazi ninayoifanya, au tuseme ndiye aliyenipa kiti na kompyuta akaniacha nijifundishe, maana yeye mwenyewe hakuijua. Siku hizi nafundisha vijana mjini Kisumu namna ya kutafuta maneno. Mtu ana duka, ana hoteli, ana shule, anataka aonekane kwenye mtandao. Basi kabla hajaandika lolote, lazima ajue wanaomtafuta huandika nini kwenye kile kisanduku cha kutafutia. Vijana wangu wana programu za kuwahesabia kila kitu, na wanadhani kazi hii ilizaliwa pamoja na simu zao. Huniuliza niliisomea wapi. Nawajibu kwamba niliisomea hapa hapa Kisumu, ghorofani, bila viatu. Wanacheka, wanadhani nawatania.

Bila viatu ni kweli kabisa. Odera alikuwa amestaafu ualimu wa jiografia, akafungua ofisi ya kupiga chapa na kutoa kopi juu ya duka la vitambaa, na mwishoni mwa miaka ya tisini akanunua kompyuta mbili. Wakati ule tuliamini kwamba vumbi huua kompyuta kama sumu inavyoua panya. Kila mteja alivua viatu mlangoni, awe karani wa korti au mama wa samaki kutoka ufuo wa Dunga, akaingia akinyata kwa soksi. Kompyuta zenyewe zilivishwa vitambaa vya kufuma, kazi ya mke wa Odera, vile vile alivyovisha makochi ya sebuleni kwake. Chumba kilinuka soksi, wino wa mashine ya kopi, na samaki wa kukaangwa kutoka kwenye kibanda cha chini. Mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mdomo mwingi, nywele za kuchomwa na pasi, na niliajiriwa kwa kuwa nilipiga chapa haraka na sikuogopa kubishana na wateja. Odera alijuta baadaye kuhusu hilo la pili.

Mtandao ulipofika, ulifika kwa simu. Mtu ulipiga simu Nairobi, mashine ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, ukangoja, na mtu wa duka la chini, tuliyeshirikiana naye laini, akiinua simu yake tu, kazi yote ilikatika. Odera alitaka ofisi yetu iwe na ukurasa wake ambao dunia nzima ingeusoma. Nilijifunza kuutengeneza kutoka kwenye karatasi nilizochapa mwenyewe, na humo nikasoma kwamba juu ya kila ukurasa kuna mahali pasipoonekana na msomaji, ambapo unaandika maneno utakayo upatikane nayo. Odera aliagiza niandike maneno ya kwenye vibao vya barabarani: ofisi ya kisasa, huduma bora, mazingira mwafaka. Nikamuuliza, Mwalimu, ni nani duniani anayeketi mbele ya kompyuta akaandika mazingira mwafaka? Alininunia hadi saa ya chakula. Tuliandika alivyotaka, na hakuna mtu hata mmoja aliyekuja. Nilifurahi kidogo, sitaficha.

Ndipo Ouko akaja kutuwekea grili dirishani, kwa kuwa Odera aliota wezi kila usiku. Ouko alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa jua kali, wale mafundi wa kazi za nje, pale karibu na soko la Kibuye, mrefu, mpole, macho mekundu kwa moshi wa kazi yake. Alijulikana zaidi kwa mageti. Ukipita barabara ya Katito siku zile ukaona geti lenye samaki wawili wa chuma wanaotazamana, ujue ni lake. Nilimtania kwamba bila shaka geti la kwake lina samaki kumi na mamba mmoja. Alijibu bila kuinua kichwa.

"Mimi sina geti, Wambui. Naishi simba."

Nilikulia Kisumu, nilijua simba ni nini: ni ile nyumba ya kijana ndani ya boma la baba yake, karibu na lango. Lakini Ouko hakuwa kijana. Alikuwa na mke, na binti yake mkubwa alikuwa amemfikia begani. Akanieleza huku akipima dirisha. Kwa Waluo, mtoto wa kiume hutoka kwa baba yake akajenga dala, yaani boma lake mwenyewe, na hutoka kwa zamu: kwanza kifungua mimba, kisha anayemfuata. Ouko alikuwa wa pili. Wa kwanza, Owiti, alikwenda ng'ambo kusomea uhandisi mimi nikiwa bado mtoto, akaandika barua kwa miaka kadhaa, kisha barua zikakoma. Hakuna aliyesema amekufa, na hakuna aliyesema yu hai. Na kwa kuwa hakuwa amejenga, Ouko naye hakuweza.

"Si ujenge tu?" nikamwambia. "Shamba liko, na wewe mwenyewe ndiye fundi."

Aliweka chini utepe wa kupimia. "Nimruke kaka? Halafu watoto wangu wakiugua, nitasema ni malaria?"

Kwetu, kwa watu waliotoka Nyeri, mambo hayaendi hivyo, na siku ile nilimwona Ouko mtu wa kujifunga kamba mwenyewe. Leo nimekaa na watu hawa miaka mingi mno, sithubutu kusema hivyo. Jambo lenyewe lilikuwa na haraka. Baba yao, Mzee Oloo, alikuwa na ugonjwa wa sukari, na mguu wake mmoja ulikuwa umeanza kuoza vidole. Siku ya kuanzisha dala, baba hutangulia na mwanawe hadi mahali pa kujenga, wakiwa na jogoo, shoka na moto. Kama baba hayuko, baba mdogo anaweza kusimama badala yake. Lakini Ouko alimtaka baba yake, na mzee naye alitaka kulitia machoni geti la mwanawe kabla hajaondoka. Odera, aliyekuwa akisikiliza kutoka mezani kwake akijifanya kusoma gazeti, akasema mashine hii inafika dunia nzima, na kama Owiti yuko duniani, tutamfikia. Alikuwa na imani kubwa na ile mashine kuliko mimi niliyeitumia.

Wiki iliyofuata Mzee Oloo akapandishwa ngazi zetu. Alivua kiatu cha mguu mzima na kuuliza kwa Kidholuo kama huu mwingine, uliofungwa bendeji, nao unaleta vumbi. Tukamketisha kwenye kiti cha Odera, tukamletea chai. Aliitazama kompyuta yenye kitambaa chake cha kufuma kwa muda mrefu, kisha akatueleza sharti lake, polepole, ili nyar Gikuyu, yaani binti wa Kikuyu, ndivyo alivyoniita, nisikose neno. Hatamruka mwanawe wa kwanza kwa kumdhania. Lakini kama Owiti yu hai, na akisema kwa maneno yake mwenyewe kwamba mdogo wake apite, basi yeye Oloo atashika shoka hata kama ni kwa mguu mmoja.

Tulikaa tukaandika ule ukurasa, na hapo ndipo tulipokosea, kosa la watu waliolelewa na redio. Nyumba zote za huku, jioni, watu walinyamaza kusikiliza matangazo ya vifo na ya waliopotea, na sote tulijua jinsi yanavyokwenda. Basi tukaandika tangazo: Joseph Owiti, mwana wa Mzee Oloo wa Katito, aliyekwenda ng'ambo kutuletea shahada ya uhandisi, popote alipo anaombwa awasiliane na wazazi wake na ukoo wote, ambao wanamngoja kwa hamu. Odera aliweka koma mahali pake. Ouko alikataa jina lake kutajwa, asije akaonekana ndiye mwenye haraka. Kwenye yale maneno ya kufichwa nikaandika jina kamili la Owiti, nikaongeza Kenya, Nyanza, Ziwa Victoria, uhandisi. Nilikuwa na uhakika kama wa mtu aliyepiga simu na kusikia inaita.

Miezi ikapita. Kulikuwa na huduma ya bure iliyonionyesha, kwa kila mgeni aliyefungua ukurasa, alikuwa ameandika maneno gani hadi akatufikia. Niliifungua kila asubuhi kabla sijanywa chai. Walikuja watu waliotafuta picha za ziwa. Alikuja mtu aliyetaka kazi ya uhandisi. Mmoja aliandika Victoria peke yake, na hadi leo sijui alimtaka nani. Ouko alipita kila Ijumaa, anavua viatu, anasimama nyuma yangu, anavaa viatu, anaondoka. Nilianza kuzichukia Ijumaa. Mguu wa mzee ukakatwa vidole viwili, na daktari akasema huenda asiishie hapo.

Jibu lilikuja nikila. Kibanda cha chini kilikuwa cha mama mmoja aliyekaanga samaki aina ya mbuta kwa mafuta yaliyokuwa yakinena kutwa nzima, na meza zilibanana kiasi kwamba ulikula na mazungumzo ya jirani yako. Siku hiyo jirani alikuwa mtu aliyerudi likizo kutoka ng'ambo, koti zuri, akimsimulia mwenyeji wake maisha ya huko. Alisema ofisini kwao kuna kompyuta, na wenzake wakitoka kwenda kula yeye hubaki. Mwenyeji akamuuliza kama huwa anasoma habari za nyumbani. Akajibu hapana, huuliza mambo. Mwaka uliopita alifiwa na mama mkwe na hakujua mkwe anatakiwa afike na nini. Mtu mzima kama yeye angemuuliza nani? Akimuuliza mjomba, mjomba atajua kwamba hajui. "Basi naiuliza mashine," alisema. "Mashine hainicheki." Mwenyeji akacheka, wakaendelea na samaki wao. Mimi nilibaki na tonge mkononi, ugali ukapoa.

Redio inasema na mtu aliyekaa akisikiliza. Kwenye mtandao hakuna aliyekaa akisikiliza. Kila mtu anakuja na swali lake, na kama hukulijibu, anapita mlangoni kwako kama anavyopita mlango wa mtu asiyemjua. Sisi tulikuwa tumesimama barabarani tukiita jina. Tena kwa nini Owiti aandike jina lake mwenyewe? Alilijua. Katito alijua iko wapi. Hakuwa amepotea hata kidogo, alikuwa anaona haya, na sisi tukamwandikia kwamba ukoo mzima unaisubiri shahada yake. Nilipanda ngazi nikamwambia Odera tutafute si jina la Owiti bali swali la Owiti. Ni kitu gani kinachomkosesha usingizi mtoto wa kwanza wa Mluo, mwenye miaka inayokaribia hamsini, aliye mbali, ambacho hawezi kumuuliza mtu? Odera aliondoa miwani, akaandika swali hilo pembezoni mwa gazeti lake. Ouko ndiye aliyejibu Ijumaa hiyo, bila kufikiri. "Ni hili hili langu," akasema. "Yeye pia limemkalia."

Basi nikaenda Kibuye. Sikujua kama ninafanya utafiti, nilijua naenda kupiga soga. Nilikaa kwenye kibanda cha Ouko Jumapili kadhaa, siku soko linapofurika nguo za mitumba hadi barabarani, na kila aliyekuja kuulizia geti tukamchokoza na suala la dala. Wee! Hakuna aliyekosa la kusema. Wengine walikuwa na kaka Nairobi aliyekataa kurudi, wengine walikuwa wamemruka kaka na walitaka kuambiwa hawakufanya vibaya. Sikusikiliza majibu yao, maana yalipingana. Nilisikiliza jinsi walivyouliza. Mwalimu Odera angeandika "utaratibu wa kuanzisha maboma katika jamii ya Waluo". Hakuna hata mmoja aliyeuliza hivyo. Waliuliza: kaka mkubwa yuko mbali, mdogo anaweza kujenga? Waliuliza: ukimruka kaka kuna kitu gani? Waliuliza: kifungua mimba asipoweza kuja, inakuwaje?

Niliandika ukurasa mpya, kwa Kiingereza chepesi na kwa Kidholuo, na maswali yale nikayaweka juu kabisa, kwa maneno ya wauza nyanya na wanunuzi wa mageti. Chini yake nikaeleza ya jogoo, shoka na moto, na jinsi wazee wanavyotofautiana. Nikataja Katito mara moja, kwamba ni mji wa soko kwenye barabara ya Kisii, hapo panapogeuka njia ya Kendu Bay. Hapakuwa na Owiti wala Oloo, na jina la Ouko halikuwa mahali popote. Lile tangazo la kwanza nikalifuta. Mwisho wa ukurasa nikaweka kitabu cha wageni, kwamba mwenye swali aulize, jina si lazima, aache tu anwani ya barua pepe. Odera alilalamika kwamba tumeandika ukurasa wa kumtafuta mtu usiomtaja mtu. Lakini wageni walikuja. Walitoka nchi ambazo nilizijua kwa stempu tu, na waliandika kwenye kile kisanduku yale yale ya Kibuye, karibu neno kwa neno. Nilikuwa nikizisoma zile ripoti nikitikisa kichwa. Watu hawa wote walikuwa wamekaa peke yao ofisini wakati wenzao wakila.

Mvua za vuli zilipoanza, mtu mmoja asiyejitaja akaandika kwenye kitabu cha wageni. Alisema yeye ni kifungua mimba, yuko mbali, na mambo hayakumwendea alivyowaahidi watu wake. Aliuliza kama mtu wa namna hiyo anaweza kumruhusu mdogo wake kwa barua, au ni lazima asimame pale yeye mwenyewe. Nilimwita Odera, Odera akamtuma mtu Kibuye, na Ouko akaja mbio akaingia na viatu vyake, hakuna aliyemkumbusha. Alisoma mara nyingi. Nilitaka kumjibu yule mtu papo hapo: wewe ni Owiti? Vidole vilikuwa tayari. Ouko akasema tumngoje mzee.

Mzee Oloo aliletwa kesho yake, amebebwa mgongoni ngazi zote. Nilimsomea kwa Kidholuo, na alifunga macho. Odera alisema kwa upole kwamba kwanza tuthibitishe ni nani, kwa kuwa wenye kaka huko mbali ni wengi. Mzee akainua mkono.

"Usimuulize jina," akaniambia. "Amekuuliza swali. Mjibu alichouliza."

Akanitamkia jibu, nami nikaliandika alivyolisema. Kwamba barua yatosha, ikiwa maneno ni ya mwenyewe. Kwamba baba mwenye akili hamuulizi mwanawe alikuwa wapi wala amerudi na nini. Kwamba nyumba ya kifungua mimba huwa imefagiliwa. Halafu akaomba chai, akainywa yote, akabebwa akateremshwa. Siku zilizofuata nilikuwa naogopa hata kupiga ile simu ya Nairobi ya kufungua mtandao. Nilimwombea mtu nisiyemjua, mimi ambaye kanisani naenda kwa kusukumwa.

Jibu lilikuja asubuhi ya kawaida, kukiwa na foleni ya wanafunzi wa kutoa kopi. Lilikuwa na maneno matatu kwa Kidholuo, ambayo kwa Kiswahili ni: basi Ouko ajenge. Nililia mbele ya foleni nzima. Mwanafunzi mmoja akaniuliza kama nimefiwa, na nikamwambia sivyo, aniache.

Mzee Oloo alishika shoka kabla ya Krismasi, amekaa kwenye kiti walichombebea mpaka shambani, jogoo chini ya mkono. Sikuwepo, maana si mambo ya wageni, lakini nililiona geti wiki chache baadaye. Halikuwa na samaki. Ouko alisema wale samaki ni wa wateja. Mzee aliishi miaka michache zaidi, na alipofariki Ouko alimwandikia kaka yake kwa ile ile anwani, barua ikarudi, anwani ilikuwa imekufa. Owiti hakuja. Mimi niliondoka kwa Odera na kuanza kuwafanyia wenye mahoteli na mashule kazi ile ile niliyoifanya kibandani kwa Ouko, na ule ukurasa nikawa nauhamisha kila mahali nilipohamia. Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja alitaka tuufute, kwamba hauingizi kitu. Nilimfokea kuliko alivyostahili.

Jumapili asubuhi, kwa Ouko, baada ya chai na viazi vitamu, nikafungua simu yangu kutazama ripoti ya ule ukurasa, kama ninavyofanya kila asubuhi tangu siku zile za soksi. Kulikuwa na mgeni mmoja, kutoka nchi ya baridi. Alikuwa ameandika: kutoka Kisumu hadi Katito unapanda gari wapi. Huenda ni mtalii. Huenda ni mtoto wa mtu mwingine kabisa, na nilimwambia Ouko hivyo hivyo nilipompa simu aione. Aliisoma, akaishika mbali na macho yake ya kizee, akaisoma tena. Akanirudishia. Kisha akachukua kopo la grisi chini ya meza, akaenda kupaka bawaba za geti.